Gari lisilale barabarani Chicago, hata kama hakuna theluji

Usiegeshe gari hilo barabarani, hata kwa usiku mmoja. Umeandika kwamba mko marafiki wanne, mnatoka Indianapolis na gari la kukodi Ijumaa ya mwisho ya Januari, mnataka siku mbili za kutembelea Chicago, na kwamba mwenye nyumba mtakayofikia amewahakikishia kuwa kuegesha mbele ya jengo lake ni bure "maadamu theluji haijaanguka". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi niliyokuwa nayo nikuandikie, kwa sababu niliambiwa hayohayo miaka mitatu iliyopita, na si kweli.

Sheria yenyewe ni hii. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 1 Aprili, kila usiku, kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, ni marufuku kuegesha gari katika barabara kuu kadhaa za Chicago zenye urefu wa jumla ya maili 107, yaani kilomita 172 hivi, na marufuku hiyo haitegemei theluji hata kidogo. Ipo marufuku nyingine, ya barabara nyingine, ambayo ndiyo inayotumika theluji ikifikia kina cha inchi mbili. Watu wengi, wakiwamo wakazi wa jiji hilo, huzichanganya hizo mbili, wakampa mgeni ushauri unaohusu ile ya pili ilhali gari lake limesimama kwenye barabara ya ile ya kwanza. Ukikutwa, unalipa faini ya dola 60, gharama ya kuvutwa gari isiyopungua dola 150, na dola 25 kwa kila siku ambayo gari linakaa katika yadi ya magari yaliyovutwa. Jiji hili lina sababu ya kuwa kali: mwaka 1979 meya Michael Bilandic alishindwa na Jane Byrne katika kura za mchujo za chama chao, baada ya wakazi kukasirishwa na namna barabara zilivyoachwa zimefukiwa na theluji. Tangu hapo hakuna kiongozi wa Chicago anayelichukulia jambo hilo kwa wepesi.

Sisi pia tulikuwa wanne. Tulifika Ijumaa usiku, barabara ikiwa kavu kabisa, mbingu nyeupe kwa nyota, na baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri ambayo ilituuma masikio mara tulipofungua milango. Aliyetupangisha alitueleza kwa simu tusimamishe gari hapohapo mbele, tusihangaike na maegesho ya kulipia, kwa kuwa wiki nzima hakukuwa na dalili ya theluji. Kibao cha marufuku kilikuwa kwenye nguzo, hatua kama ishirini kutoka mlangoni pake. Nasi tulikuwa tunakimbilia ndani na mabegi, hatukuinua macho.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukatoka, gari hakuna. Upande ule wote wa barabara ulikuwa mtupu, kana kwamba hakuna gari lililowahi kusimama pale. Tulipoteza karibu saa nzima tukiwapigia polisi simu kwa kudhani limeibwa, mpaka mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitembeza mbwa wake akatuonyesha kile kibao na kutuelekeza tupige 311, namba ya huduma za jiji, ili tujue limepelekwa yadi gani. Mwenzetu mmoja alikuwa na majuma matatu tu tangu atoke Lamu, amevaa viatu vya raba, na hata hivyo ndiye aliyetuchangamsha: alisema kwao punda akiziba njia, mwenyewe hupigiwa kelele mtaa mzima hadi aje amwondoe, lakini hakuna anayekuja kumchukua punda wa mtu saa tisa za usiku bila hata kubisha hodi. Tulicheka kwa dakika moja, kisha tukarudi kutetemeka.

Nakusihi usikilize sehemu hii vizuri, kwa maana fedha si jambo lililoniuma zaidi. Kule yadi hawakukabidhi gari bila kuona leseni na hati za gari, na mkataba wetu wa kukodi tulikuwa tumeuacha ndani ya gari lilelile. Ilibidi tuwapigie waliotukodisha watutumie nakala, tukasubiri foleni, tukalipa dola 235 mbali na nauli ya teksi, na tulipotoka na gari ilikuwa imeshatimu saa nane na nusu mchana. Nilipompigia aliyetupangisha, alinijibu kwamba mambo hayo huwapata wageni wengi wakati wa baridi. Huwapata wageni wengi! Basi alijua. Mtu anayepokea wageni kila wikendi, akajua kwamba magari yao hubebwa mbele ya mlango wake, kisha akaendelea kuwaambia wageni wapya wasiwe na wasiwasi, huyo amewakosea watu waliomwamini, na sina neno laini la kumwelezea hadi leo.

Mimi nimekulia Voi. Tangu utotoni nilisimuliwa habari za simba wawili wa Tsavo waliowala wafanyakazi wa reli, ambao John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la Tsavo, aliwaua Desemba 1898. Ngozi zao alizitandika nyumbani kwake kama mazulia kwa takriban miaka 25, hadi Field Museum, jumba la makumbusho la Chicago, ilipozinunua miaka ya 1920 kwa dola 5,000 na kuwaunda upya simba wale wakasimama. Tulikuwa na tiketi za saa nne asubuhi. Tulifika mlangoni pa jumba lile dakika chache baada ya saa kumi jioni, na mlinzi akatuambia kwa upole kwamba hawaingizi tena wageni kwa kuwa hufunga saa kumi na moja. Jumapili wawili kati yetu walikuwa na zamu ya mchana kazini, tukaondoka alfajiri. Nilisafiri takriban kilomita 300 kwenda kuwaona simba wa kwetu, nikaishia kuona ukuta wa nje.

Kwa hiyo, fanyeni hivi. Nendeni na gari hadi mji wa East Chicago, ambako ni jimbo la Indiana bado, mliache kwenye maegesho ya kituo cha treni ya South Shore Line, kisha mpande treni hadi Millennium Station, katikati kabisa ya jiji. Safari hiyo haifiki saa moja. Baadhi ya treni husimama pia kituo cha Museum Campus/11th Street, na kutoka hapo mnatembea kwa miguu hadi kwa simba. Kama mna mizigo mingi na mnalazimika kuingia na gari mjini, lipieni maegesho ya chini ya ardhi, mliache humo hadi Jumapili, na mtumie treni za jiji, ambazo vituo vyake vingi vina taa za kupasha joto wakati wa baridi. Bei ya maegesho itawashtua, lakini gawanyeni kwa watu wanne, kisha mlinganishe na dola 235 na Jumamosi nzima. Saa za Chicago ziko nyuma ya za Indianapolis kwa saa moja, hivyo mkiondoka mapema mtaifaidi saa hiyo. Kutumia treni hakutawachelewesha.

Mengine uliyouliza ni mepesi mkiwa hamna gari la kulinda. Cloud Gate, ile sanamu ya Anish Kapoor inayong'aa kama kioo, iko nje, ni bure, na ni karibu sana na Millennium Station. Art Institute, jumba la sanaa lenye simba wake wawili wa shaba mlangoni, ni mwendo mfupi kutoka hapo. Upepo wa Ziwa Michigan ukizidi, shukeni kwenye Pedway, njia za chini ya ardhi zinazounganisha majengo ya katikati ya jiji. Yule mwenzenu ambaye umeandika kwamba amefika juzi tu anunuliwe buti na soksi za sufu kabla ya safari, si baada ya kufika.

Niandikie jina la barabara mnayofikia, bila namba ya nyumba, nami nitakutazamia kama imo katika zile maili 107. Nijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu kituo cha East Chicago lazima mkiamue kabla hamjaipita njia ya kuingilia.