Binti akizalia nyumbani huku Ireland: jibu langu kwa Shangazi

Shangazi aliuliza kwenye kundi la ukoo, na wengi mkamuunga mkono: "Hivi ni kweli huko kwa wazungu binti akipata mimba wazazi hawashtuki, kila mtu na lake, mtoto analelewa na serikali?" Nilijibu kwa mkato kwamba si kweli, nikaingia zamu. Leo nimepumzika, nijibu vizuri, kwa sababu dhana hiyo inawaumiza watu, wakiwamo watoto wetu wenyewe walioko huku.

Ninakaa Finglas, kaskazini mwa Dublin. Ni mtaa wa watu wa kazi za mikono: madereva, mafundi umeme, wasafishaji wa ofisi, wahudumu wa dukani. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na nyingi zilijengwa na halmashauri. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mama ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mumewe anaendesha gari la kusambaza mikate, anatoka saa kumi alfajiri. Wana watoto wanne, na bibi, mama mzazi wa huyu mama, anaishi mtaa wa pili lakini mchana kutwa yuko kwao. Nimeomba ruhusa kuyasimulia haya, nikapewa kwa sharti la kutotaja majina.

Binti yao wa pili alikuwa na miaka 19, anafanya kazi kaunta ya vyakula dukani, akisubiri kuanza chuo. Mama aligundua kabla hajaambiwa: binti alianza kurudi nyumbani analia kwamba harufu ya kuku wa kukaanga pale kazini inamtapisha. Mama mwenye watoto wanne haambiwi hilo mara mbili.

Baba alishtuka, Shangazi. Alipiga kelele mpaka nikasikia kila neno, maana ukuta wetu ni mwembamba. Alitaka kujua ni nani. Kaka mtu akachukua koti aende kumtafuta kijana, baba huyohuyo akamwambia akae chini. Halafu kukawa kimya. Siku kadhaa baba na binti walipishana jikoni bila salamu. Mama akaniambia kazini, tukiwa tunatandika vitanda, kwamba kile kimya kinamuua kuliko kelele. Kisha asubuhi moja binti aliamka akakuta mezani pakiti ya biskuti kavu, zile zisizo na sukari, kitu pekee kilichokuwa kinakaa tumboni mwake. Baba alikuwa ameshaondoka na gari la mikate. Tangu siku hiyo biskuti hazikukosekana.

Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa bibi. Amepita miaka 80 na misa ya asubuhi haimpiti. Walikaa wiki nzima wakitupiana mpira nani amwambie. Mwisho binti akaenda mwenyewe, mama yake akiwa nyuma yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba chai, kisha akasimulia jambo ambalo hata mama, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kulisikia. Bibi alikuwa na dada mkubwa. Alipopata mimba, miaka ya 1950, gari lilikuja usiku likamchukua. Majirani waliambiwa amekwenda kufanya kazi Uingereza. Alirudi baada ya mwaka na kitu, mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza mtoto yuko wapi. Hakuolewa, na amekufa bila mtu yeyote nyumbani kutamka habari ile mbele yake.

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu bila hili hamtaielewa nchi hii. Kwa miongo mingi msichana wa Ireland aliyezaa bila ndoa alipelekwa kwenye nyumba maalumu, nyingi zikiendeshwa na masista. Alijifungua humo, akafanya kazi humo, na mara nyingi mtoto alichukuliwa akapewa watu wengine wamuasili, wengine wakavushwa bahari hadi Marekani. Tume iliyoundwa na serikali ilichunguza nyumba 18, kuanzia 1922 hadi 1998. Ripoti yake ilitoka Januari 2021: wanawake wapatao 56,000 walipitia humo, na watoto wapatao 9,000 walifia humo. Kesho yake Waziri Mkuu, Micheál Martin, alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Huko magharibi, mji wa Tuam, mwanahistoria wa hapohapo, Catherine Corless, alifuatilia vyeti vya vifo vya watoto wa nyumba moja iliyofungwa mwaka 1961. Akapata majina 796, na karibu yote hayakuwa na kaburi. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba mabaki ya watoto yamo kwenye vyumba vya chini ya ardhi, pale palipokuwa na mfumo wa majitaka. Kuyafukua kwa utaratibu, ili wazikwe kama watu, kumeanza mwaka 2025. Yaani haya si ya kale. Mtoto wa nje ya ndoa aliacha kuitwa haramu mbele ya sheria kwa sheria ya mwaka 1987 tu.

Kwa hiyo mkimwona mzungu wa mtaani kwangu anambeba mjukuu asiye na baba nyumbani, anatembea naye dukani kifua mbele, msidhani hajali. Watu hawa wanajua kulikotoka. Bibi alipomaliza hadithi yake alimshika binti mkono akamwambia atalala chumba gani, mtoto atalala wapi, na kwamba yeye ana akiba kwenye chama chao cha kuweka na kukopa. Hakuzungumzia dhambi. Mama aliniambia alilia usiku ule kwa ajili ya huyo mama mkubwa wake, akiwa jikoni peke yake.

Mmeuliza kwa mafumbo kuhusu kutoa mimba. Nijibu wazi. Mwaka 1983 katazo liliingizwa hadi kwenye katiba, na wanawake wakawa wanapanda meli na ndege kwenda Uingereza kimyakimya. Tarehe 25 Mei 2018 wananchi walipiga kura, asilimia 66 wakataka kifungu kile kiondoke. Tangu Januari 2019 inaruhusiwa hadi wiki ya 12, kwa daktari, baada ya kusubiri siku tatu. Katika familia hii bibi alipiga kura ya hapana na mama ya ndiyo, na bado wanakula meza moja. Mama alimuuliza binti mara moja tu, mlango umefungwa, anataka nini. Akasema anazaa. Angesema vingine, mama angempeleka na angemrudisha nyumbani palepale. Mimi hilo naliheshimu sana: kwamba aliulizwa, kisha hakusukumwa.

Sasa hiyo serikali inayolea. Kliniki na kujifungua kwa mkazi hakulipiwi, na hilo ni jema kubwa, hasa kwangu niliyekulia mahali ambapo mjamzito anakwenda hospitali na glovu na nyembe zake kwenye kikapu. Baada ya kujifungua muuguzi anakuja mpaka nyumbani. Aliyejifungua ana likizo ya uzazi ya wiki 26 yenye malipo kama amechangia vya kutosha kazini. Halafu kuna posho ya mtoto, Yuro 140 kwa mwezi, inaingia Jumanne ya kwanza. Sikilizeni sasa: nyumba ya chumba kimoja Dublin inazidi Yuro 1,500 kwa mwezi. Foleni ya nyumba za halmashauri ni ya miaka. Msaada wa mzazi anayelea peke yake upo, ila unapimwa kwa kipato, na haumtoi mtu kwa wazazi wake akapange.

Kinachomlea mtoto yule ni nyumba ile. Kaka mtu amehamia kulala kwenye kochi sebuleni ili dada apate chumba. Mama amebadilisha zamu zake, anafanya usiku ili mchana awe nyumbani binti akirudi kazini, na namwona jinsi anavyosinzia kwenye basi. Baba amejitolea kila Jumamosi. Wanachoka, wanagombana kuhusu nani kamaliza maziwa, mtoto akilia saa tisa usiku tunaamka nyumba mbili. Hakuna afisa wa serikali anayeamka.

Rotunda, hospitali ya wazazi iliyoanzishwa mwaka 1745 na bado inazalisha pale katikati ya jiji, ndiko alikokuwa anahudhuria. Siku ya kipimo kikubwa cha picha mama alikuwa zamu, nikiwa naye. Akaenda baba, na fulana yake ya kazi inayong'aa, akakaa kwenye benchi kati ya wasichana na waume zao vijana, ameshika koti na mkoba wa binti yake. Picha aliyopewa aliibandika kwenye dashibodi ya gari la mikate. Ukipanda unaiona kabla ya usukani.

Kijana aliikana mimba mwanzoni. Huku nako wanakana, Shangazi, usidhani ni wa kwetu tu. Aliyekuja kuweka mambo sawa ni mama yake, aliyepiga hodi mlango wa mbele peke yake, akasema mwanawe ni mtoto bado lakini mjukuu ni wake. Sasa anachukua mtoto Jumapili mchana, na kijana anatoa kinachopatikana. Umbea ulikuwepo pia, getini shuleni na kwenye foleni ya duka la chipsi. Bibi aliukata kwa kumtaja mjukuu mwenyewe kanisani, kwa sauti, kabla ya kuulizwa.

Kigari cha mtoto kilinunuliwa na akiba ya bibi, lakini hakikuingia kwao. Wairishi wengi wa umri wake hawataki kigari kiingie nyumbani kabla mtoto hajazaliwa, wanaona ni kuita balaa. Kikakaa kwenye korido yangu mpaka binti alipojifungua salama, mtoto wa kike. Nililelewa Tanga na bibi aliyekataza kununua hata soksi kabla ya siku, kwa hiyo sikuhitaji maelezo.

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Kuna binti wa pwani yetu, mwanafunzi, aliyepata mimba hapa Dublin bila kupanga. Sitasema wa wapi hasa. Viza ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo na haimpi posho yoyote. Alibeba boksi mpaka mimba ikafika miezi saba, akatuma hela nyumbani kama kawaida, akapiga simu za video akijifunika shuka mpaka shingoni. Hakumwambia mama yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba kule wakijua watasema amekwenda kuzurura, na mdogo wake atanyimwa nafasi ya kuja. Aliyemsindikiza kliniki ni jirani yangu, huyu mama wa Kiirishi, aliyekuwa tayari na mimba ya binti yake mwenyewe mikononi. Alimwambia mambo ya kwao yalivyokuwa, ya mama mkubwa wake na lile gari la usiku. Binti wetu akalia, akasema anaijua nyumba kama ile.

Na wale mnaoniandikia pembeni kwamba "azae tu huko, mtoto apate pasi, mambo yanyooke", acheni. Zamani mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi ya Ireland alikuwa raia papo hapo. Kura ya Juni 2004 ilibadilisha hilo. Tangu Januari 2005 mtoto wa wageni anapata uraia wa kuzaliwa kama mzazi mmojawapo ameishi kihalali miaka mitatu katika minne iliyotangulia, na miaka ya viza ya masomo haihesabiwi. Yule binti amezaa mtoto asiye na pasi ya huku, ana ada ya chuo, na hana bibi wa mtaa wa pili. Ana sisi wachache, na ana simu ambayo anaogopa kuipiga.

Shangazi, wewe ulinilea baada ya mama, na ulimpokea dada yetu alipozalia nyumbani wakati wengine walitaka aende kwa mjomba Korogwe mpaka maneno yapoe. Kwa hiyo nakuomba useme kwenye kundi, kwa sauti yako, ulivyofanya na kwa nini. Wapo wasichana wanaosoma mule wasioandika kitu. Jumapili hii usinipigie asubuhi, mtoto wa jirani anabatizwa na nimeahidi sambusa. Nitakupigia mimi jioni, na huenda nikakupa mtu uongee naye.