Kuingiza mapichi, plamu na cheri kwenye nchi ya jangwa: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama kuna usalama kuweka mtaji kwenye mapichi, plamu na cheri za kuingiza nchi ambayo kiangazi joto linapita nyuzi 45. Upo. Nimefanya kazi ya kupokea mizigo hii miaka mingi, bandarini na ghalani, na mizigo mingi niliyoiona ikitupwa iliharibiwa na baridi nusunusu kabla jua halijaigusa.

Pichi na nektarini (aina ya pichi yenye ngozi laini isiyo na manyoya) hutulia kwenye nyuzi 0, hata nusu nyuzi chini ya hapo, kwa sababu sukari iliyomo inazuia zisigande. Zikikaa kati ya nyuzi 2 na 8 kwa wiki moja au mbili, nyama ya ndani inakufa. Kwa nje huoni kitu: rangi ipo, ngozi safi, tunda gumu vizuri. Pitisha kisu kufuata mfereji wake, ligawe mara mbili. Utakuta nyama iliyozunguka kokwa imeingia ukahawia, na ukiiminya haitoi maji. Mdomoni ni kama unatafuna pamba. Kinachouma zaidi ni kwamba hali hii hujitokeza tunda likishaanza kuiva, kwa hiyo atakayeigundua ni mteja, nyumbani kwake, na hatarudi kununua kwako.

Ndiyo maana nawasihi watu waangalie chumba baridi kabla hata ya kutafuta muuzaji. Maghala mengi ya kukodi yana chumba kimoja cha kila kitu, matufaha, machungwa na mboga, nacho huwekwa nyuzi 5 au 6 ili kila mwenye mzigo aridhike. Kwa pichi hicho ni chumba cha hatari. Tafuta chenye uwezo wa kushika nyuzi 0 mchana wa kiangazi, chenye unyevu wa asilimia 90 hadi 95, la sivyo matunda yatasinyaa.

Kontena la baridi nalo linaeleweka vibaya. Kazi yake ni kutunza baridi iliyokwishaingia kwenye tunda. Halina nguvu ya kupoza mzigo uliopakiwa ukiwa na joto la shambani. Mwambie muuzaji akutumie vipimo vya joto la nyama ya tunda, kipimajoto kikiwa kimechomwa hadi karibu na kokwa, siku ya kupakia. Joto la hewa ya kontena halikuambii lolote. Dai pia vifaa vya kurekodi joto, kimoja kikae kwenye paleti (vichanja vya mbao vinavyobeba maboksi) za mlangoni maana huko ndiko joto huanzia. Mkija kubishana na bima, rekodi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni kuanzia meli inapofunga gati hadi mzigo unapoingia ghalani. Kontena likichomolewa umeme kusubiri ukaguzi, kila saa ina gharama. Karatasi ziwe mkononi mwa wakala wa forodha kabla meli haijafika: kibali cha kuingiza, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili, ankara na hati ya shehena. Aprikoti, cheri, pichi, nektarini na plamu zote ziko chini ya namba ya forodha 0809. Angalia na paleti za mbao: ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, unaoonyesha mbao zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Nimeona mzigo safi kabisa ukikwama kwa sababu ya mbao tu. Omba ukaguzi alfajiri, na lori liwe na jenereta yake.

Halafu jasho. Jangwa la pwani lina hewa nzito yenye mvuke, na tunda la nyuzi 0 likikutana nayo linalowa papo hapo. Maji hayo ndiyo yanayosubiriwa na kuvu wa kuozesha tunda. Lori lirudi nyuma hadi mlango wake ugusane na mlango wa ghala, maboksi yasifunguliwe nje. Ukitaka kuivisha pichi kwa ajili ya kuuza, zipeleke kwenye chumba cha nyuzi 18 hadi 22. Kuziacha kwenye joto la nje hakuziivishi, kunaziharibu.

Cheri ni habari nyingine. Haiivi baada ya kuchumwa, unapokea kile kile kilichotoka mtini, kwa hiyo tazama kikonyo kwanza: kikiwa kibichi na kimenyooka, mzigo ni mpya. Wengi huileta kwa ndege, lakini uliza vizuri paleti zitasubiri wapi zikishashushwa, maana lami ya uwanja wa ndege mchana ni tanuri.

Kwa kuanza, ningekushauri plamu. Kwenye baridi sahihi aprikoti huishi wiki 1 hadi 3, pichi 2 hadi 4, ila plamu nyingi hufika wiki 5. Na kama nchi yako iko kaskazini ya ikweta, anza na msimu wa Afrika Kusini, Novemba hadi Machi, huko kwako kukiwa na ubaridi. Chile wana matunda mazuri miezi hiyo hiyo, ila safari ndefu ya meli inakula sehemu kubwa ya maisha ya pichi. Mzigo wa Julai kutoka Hispania au Uturuki uache hadi ghala na lori lako viwe vimeshapita msimu mmoja bila tatizo.