Mnaosomea ualimu wa kompyuta, AI msiikimbie ila msiiamini fasta

Wadogo zangu mlioko vyuoni, wengi mnauliza mjifunze apu gani ya AI (akili mnemba), mi naona hapo ndo mnapotea njia, maana apu zinabadilika kila kukicha, ChatGPT yenyewe imetoka Novemba 2022 na ya leo si ile kabisa.

Jifunze kwanza kuikamata ikikosea kwenye somo lako. Iombe programu ya Python ya kutafuta wastani wa alama za darasa, itakupa chap na itafanya kazi, sasa ipe orodha tupu isiyo na alama hata moja uone kama haijataka kugawanya kwa sifuri ikagoma. Au iambie "hapa umekosea" wakati iko sawa, kuna siku inaomba radhi kabisa na kuharibu kilichokuwa kizima 😂. Fanya hivyo mbele ya wanafunzi, wataelewa kwamba inakisia neno linalofuata, hata ukiwa hujawapa nadharia yoyote.

Halafu hivi vipimo vya kusema kazi imeandikwa na AI, aisee, viliniumbua. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilimbana kijana kisa kipimo kimemtaja, akafungua historia ya faili lake, kila rasimu ipo na tarehe zake, nikabaki natafuta pa kuficha uso. Baadaye ndo nikaja kujua OpenAI wenyewe, wale wenye ChatGPT, walitoa chao Januari 2023, Julai wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Siku hizi namwita mtu dakika tatu, namwonyesha mstari mmoja wa programu yake anieleze unafanya nini, nabadilisha kitu kidogo namwambia airekebishe hapohapo. Aliyeelewa hata kama alisaidiwa na AI anatoboa, aliyenakili anaanza kukohoa.

Majina na alama za wanafunzi usizibandike kwenye AI, hata ukiwa umechoka vipi. Umri pia angalia, mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza isiwe chini ya miaka 13 kwa matumizi ya darasani.

Kwa watoto wadogo mi natumia Teachable Machine ya Google, wanaipa picha za kalamu na rula wanaifundisha kutofautisha, halafu nawaambia waionyeshe kijiko. Itasema ni kalamu au rula tu maana haijui kingine, na hapo maswali yanayokuja, kipindi kinaisha hamjamaliza.