Nilipiga laminesheni karatasi ya matapeli

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Urambo aliniandikia: "Kaka, hivi Google haina sehemu ya kuzuia tovuti isije tena? Nimechoka." Nilicheka, maana uchovu huo naujua. Nikamjibu kwamba sehemu hiyo haipo, ila iliwahi kuwepo. Nilipoweka simu chini nikakumbuka ni kwa nini mimi mwenyewe nilianza kuitafuta, nikaona bora niandike yote, hata yale ninayoyakwepa kila siku.

Kwa usiyenifahamu, nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mwisho wa reli. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, lakini kazi inayoniweka mjini hasa ni kuangalizia watu. "Niangalizie matokeo." "Niangalizie mkopo wa mwanangu kama umetoka." "Niangalizie kama kuna kazi." Nusu yao wana simu janja mfukoni, ila wanaamini kompyuta ya kaunta inaona mbali kuliko simu. Nami nilikuwa nawaacha waamini hivyo. Biashara ni biashara.

Siku moja akaja mama mmoja anayeuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, na binti yake aliyemaliza stashahada ya uuguzi. Mjini kulikuwa na maneno kwamba nafasi za afya zimetoka. Nilimpa mama kiti, akakataa. Alisimama nyuma ya bega langu, akaweka noti mezani kabla sijafungua chochote, akasema, "Mwanangu, hili ndilo jambo la maisha yake. Liangalie vizuri." Nikamwambia, "Usijali mama, hii ni dakika mbili."

Dakika mbili! Nikaandika nafasi za kazi za afya na mwaka, nikabofya iliyokaa juu kabisa. Ilikuwa na nembo ya taifa, bendera imepigwa upande wa kulia, na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa TUMA MAOMBI HAPA. Binti akanitajia, nikajaza: jina, shule, chuo, wilaya, namba ya simu. Mwisho kabisa ikatokea namba ya kutuma shilingi 25,000 "za uhakiki wa vyeti". Mama akatoa simu yake ya batani, akatuma hapo hapo. Ikarudi karatasi yenye namba ya maombi na muhuri wa bluu. Nikaiprinti kwa rangi. Mama akasema nyumbani paa linavuja, isije ikalowa. Basi nikaipiga laminesheni, nikaikata pembe zikawa za mviringo, nikamtoza 1,500.

Wiki tatu baadaye binti akaja peke yake. Mwenzake waliyesoma naye alikuwa amemuuliza swali dogo tu: namba yako ya NIDA uliiweka sehemu gani kwenye fomu? Akajibu hakuulizwa. Yule mwenzake akanyamaza, na binti akaelewa. Tulifungua ile tovuti pale pale kaunta, haikuwepo tena. Tukaingia kwenye mfumo wenyewe wa ajira za serikali, portal.ajira.go.tz, ambao huwezi kujisajili bila namba ya NIDA na ambao hauna ada yoyote. Dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku nne nyuma.

Nilirudisha 25,000 na ile 1,500 juu yake. Mama alikuja mwenyewe kuzichukua. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la kitenge, kisha akauliza, "Na huo muda?" Akaiacha ile karatasi kaunta, ngumu, inang'aa, imekatwa vizuri. Kazi yangu nzuri kabisa. Sijaitupa.

Mengine yaliyofuata sitayasimulia kwa urefu. Mji ni mdogo. Kwa miezi kadhaa watu walikuwa wakinipita kwenda kwa jirani wa barabara ya pili, na kuna mtu, simtaji, aliyewaambia wateja kwamba mimi nagawana na matapeli. Hilo liliniuma kuliko hasara. Nilikuwa mzembe, sikuwa mwizi. Ila ukimwangalia yule mama usoni, tofauti ya mzembe na mwizi unaiona ndogo sana.

Sasa turudi kwa kaka wa Urambo.

Mwezi Februari mwaka 2011 Google walitoa kiendelezi (programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari) cha Chrome cha kumwezesha mtu kuorodhesha tovuti asizotaka kuziona kwenye matokeo yake. Mwezi uliofuata wakaweka kitufe kwenye matokeo yenyewe: unafungua tovuti, ukirudi nyuma unakuta maneno ya kukuuliza kama uizuie moja kwa moja. Miaka ile mtandao ulikuwa umejaa kurasa zinazoandikwa kwa mamia kwa ajili ya kuvuta mibofyo tu, na watu walipiga kelele. Mwaka 2013 kitufe kikaondolewa. Kiendelezi kilibaki kwa muda, baadaye nacho kikapotea. Kwa hiyo usihangaike kuipekua mipangilio ya Google usiku kucha kama nilivyofanya mimi. Hutaikuta.

Kinachobaki ni alama ya kutoa. Unaandika unachotafuta, unaacha nafasi, kisha unaweka alama ya kutoa, neno site, nukta mbili na jina la tovuti, vyote vikiwa vimeshikana:

nafasi za kazi afya -site:mfano.com

Hapo mfano.com ndiyo unayoifukuza, weka jina la adui yako. Ukiwa na maadui watatu, andika mara tatu. Kosa linalowakuta wengi linatoka kwenye kibodi ya simu, inaweka nafasi yenyewe baada ya nukta mbili. Ikishaweka nafasi, amri imekufa, unaletewa matokeo yale yale halafu unasema yule wa Kigoma muongo. Ifute hiyo nafasi. Bing na DuckDuckGo, mashine nyingine za kutafutia, nao wanaielewa alama hii. Kwa Google kuna kikomo: husoma maneno 32 ya kwanza tu, yanayozidi hapo hayahesabiwi. Kwa hiyo orodha ndefu huwezi kuibeba kwa njia hii.

Alama hiyo hiyo inafukuza hata neno. Mimi huwa naongeza -whatsapp ninapotafuta ajira, na nusu ya takataka inaanguka, maana tovuti hizo haziishi bila kukualika kwenye magrupu yao.

Nitofautishe kidogo hapa. Nyingi ya tovuti zinazokukera si za wezi. Ni vumbi. Mtu ameandika kichwa cha habari chenye maneno yale yale unayoyaandika wewe, MATOKEO HAYA HAPA, kabla hata matokeo hayajatangazwa, na ndani hakuna kitu: matangazo, aya tano za kueleza NECTA ni nini, matangazo tena. Yeye analipwa kwa wewe kufika tu. Tangazo lenyewe la serikali liko mahali fulani kama faili la PDF lenye kichwa kikavu kama mkate wa juzi, ndiyo maana linazidiwa. Mwizi anajificha ndani ya vumbi hilo. Ukilipunguza vumbi, mwizi anabaki uwanjani.

Njia inayoniokoa zaidi nikiwa na foleni kaunta ni kinyume cha kufukuza: najenga uzio. Naandika site:go.tz mbele ya ninachotafuta, na zinakuja za serikali tu. Matokeo ya mitihani, site:necta.go.tz. Vyuo, site:ac.tz. Jioni ambayo Baraza la Mitihani limetangaza, kaunta yangu inajaa mpaka barabarani, na sasa hivi simbahatishii mtu.

Lakini ujue kuisoma anwani. Sisi tumezoea kusoma kutoka kushoto, na tapeli anaijua tabia hiyo. Anaweka neno ajira au necta mwanzoni, unaliona, unatulia. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, ule mstari ulioinama (/), halafu rudi nyuma kuelekea kushoto. Kilichogusana na mkwaju ndicho mwenye nyumba. Kama si go.tz, basi huko mbele wameandika picha tu. Ile iliyonitia aibu ilikuwa na maneno mawili ya serikali mwanzoni, na mwisho wake ulikuwa wa kununuliwa na yeyote mwenye hela ya soda chache. Nayo matangazo ya kulipiwa yanayokaa juu kabisa usiyaite matokeo. Uzio wako hauyahusu.

Kwa kufukuza moja kwa moja natumia kiendelezi kinaitwa uBlacklist. Ni cha bure. Kwenye kompyuta kinaingia Chrome na Firefox. Kwenye simu ya Android, Chrome haipokei viendelezi, pakua Firefox. Ukishakiweka, pembeni ya kila tokeo panatokea sehemu ya kuzuia tovuti hiyo. Unabofya mara moja, humwoni tena. Nina kompyuta tatu dukani, nazuia kwenye moja, natoa orodha kama faili, naiingiza kwenye nyingine mbili. Ukitaka kuandika mwenyewe, sheria inakuwa hivi: *://*.mfano.com/*

Angalizo, na hili nimelilipia. Kuna siku hasira zilinipanda nikazuia blogspot.com yote, kwa sababu vumbi jingi linatoka huko. Nikajiona jemadari. Baada ya kama mwezi akaja mwalimu wa sekondari kutoka Ujiji, anataka mitihani ya zamani ya Jiografia kutoka blogu ya mwenzake, anaikumbuka vizuri, nami namwapia kwamba haipo mtandaoni. Akaifungua kwenye simu yake mbele yangu. Ilikuwa blogspot. Zuia tovuti moja moja, usizuie mtaa mzima.

Pia ipo Kagi, mashine ya kutafutia ya kulipia, ambayo kuzuia tovuti au kuipandisha juu ni sehemu yake yenyewe. Inalipiwa kwa dola kila mwezi. Mimi nauza kopi, tusidanganyane.

Orodha yangu leo ina tovuti 140 na kitu. Haikamiliki. Unazuia jina hili, wanarudi na jina lingine wiki ijayo, nembo ile ile, kitufe kile kile cha kijani. Ndiyo maana kila jina jipya naliandika pia kwenye daftari la kaunta, na kijana wangu analisoma asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Na hapa niseme na wenzangu wenye steshenari, kuanzia Kasulu mpaka Tabora mjini, maana najua mnanisoma na najua mnachofanya. Mnabofya ya kwanza. Foleni ndefu, bando linakwisha, umeme haueleweki, mnabofya ya kwanza. Mteja haoni Google, anakuona wewe. Akirudi kijijini hasemi mtandao umesema, anasema yule kijana wa steshenari ameniambia. Mnaogopa sana karatasi kukwama kwenye printa, hamuogopi kumpeleka mtoto wa watu kwenye nyumba ya mwizi huku mmemshika mkono. Geuza kioo mteja aione anwani. Msomee kwa sauti. Ukiona wanataka hela kwa ajili ya ajira ya serikali, funga, hata kama mteja ameshatoa simu, hata kama anakuambia unamchelewesha. Wapo waliowahi kunikasirikia kwa hilo wakaenda kwa jirani. Waende.

Wiki hii nimeanza kuwaonyesha wateja ile karatasi. Nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kopi, jina la binti nimelifunika kwa karatasi nyeupe. Watu wanauliza ni cheti cha nini.

Binti aliomba tena dirisha lilipofunguliwa mara nyingine, nimesikia hivyo, ila hakuombea kwangu. Mama bado anapita asubuhi akitoka Kibirizi na beseni lake. Namwamkia, "Shikamoo mama." Anajibu, "Marahaba," bila kusimama. Juzi alimtuma mjukuu wake kutoa kopi mbili za kadi ya kliniki, akamkabidhi hela kamili, shilingi mia mbili, mtoto asije akasubiri chenji.