Huyo Duverger wa "sheria ya Duverger" ni nani?

SWALI: Mhariri shikamoo. Kila ukija msimu wa uchaguzi nawaskia wachambuzi wanataja sheria ya Duverger, mi nikajua imepitishwa na bunge la mahali fulani, rafiki yangu akanambia hapana, hilo ni jina la profesa. Alisomea nini huyo mtu, na hiyo sheria yake ni ya kweli? – Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi. Ni Maurice Duverger, Mfaransa, kazaliwa Angoulême 1917, kafariki 2014. Alichosomea ni sheria, pale Bordeaux, maana enzi hizo Ufaransa mambo ya siasa yalikuwa yanafundishwa humohumo kwenye vitivo vya sheria, baadae 1948 akaanzisha taasisi ya masomo ya siasa hukohuko Bordeaux, alafu akahamia Paris. Mi naona usheria ndo ulimpa jicho lake, kwa sababu watu walipokuwa wanaeleza vyama kwa tabaka na dini yeye akauliza, je kanuni yenyewe ya kuhesabu kura inavifanya nini hivi vyama?

Jibu alilitoa kwenye kitabu chake cha 1951. Pale jimbo linapotoa mbunge mmoja, kwa raundi moja, na anayeongoza ndo kapita hata kama hajafika nusu ya kura, vyama huelekea kubaki viwili. Viti vikigawanywa kwa uwiano wa kura, vyama vinakuwa vingi.

Kwa nini? Kwanza hesabu zenyewe zinamkata wa tatu. Angalia Uingereza 1983, muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata kama asilimia 25 ya kura, chama cha Labour kama 28, yaani wamepishana kidogo sana, lakini Labour wakaondoka na viti 209 na ule muungano 23 tu kati ya 650! Mamilioni ya watu walipiga kura zikayeyuka, na hili linaniuma kila nikilisoma. Pili, mpiga kura naye anajifunza, anampenda huyu wa tatu ila anaona hapiti, basi anampa mwingine mwenye nafasi ili yule asiyemtaka kabisa asipite.

Ni kweli? Kwa kiasi kikubwa, ila usiichukulie kama sheria ya fizikia. Kanada na India wanatumia mfumo huohuo na vyama bungeni ni vingi, sababu kubwa ni kwamba kuna vyama vyenye nguvu kwenye eneo moja tu la nchi na huko vinashinda vizuri kabisa. Upande wa pili New Zealand walibadili mfumo wakaenda kwenye ule wa uwiano, na uchaguzi wa 1996 wakaingia bungeni vyama 6 kutoka 4 vya 1993.

Na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mbunge, Bunge la Ulaya 1989 hadi 1994, Mfaransa huyo kapitia orodha ya wagombea wa wakomunisti wa Italia, kwa kura za uwiano.