Tairi za pikapu kwa matope na lami yenye maji

Ndugu, umeuliza ni tairi zipi zinaifaa pikapu yako inayopanda Kibosho kwa njia ya udongo na kurudi Moshi mjini kwa lami wakati wa masika. Mimi ningeziacha zile za matope matupu, kwa kuwa meno yake makubwa yaliyoachana huacha sehemu ndogo tu ya mpira ikigusa lami, na gari huteleza unapofunga breki kwenye maji. Chagua zilizoandikwa A/T, yaani za njia za aina zote, ambazo meno yake yana mikato myembamba mingi inayoshika lami iliyolowa. Soma pia tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha ilitengenezwa lini: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira uliozeeka dukani, hata ukipakwa dawa ukang'aa, huwa mgumu.