Fidla, bega langu na mkeka wa yoga

Kwa miaka niliamini kwamba bega la kushoto likiuma, ndiyo dalili ya kuwa nimepiga kweli. Mimi ni mpiga fidla wa taarab hapa Unguja, na taarab yetu haina haraka. Kuna bashrafu ya kufungulia, yaani muziki wa ala tupu bila kuimba, kisha nyimbo ndefu moja baada ya nyingine, na harusi ikinoga hamna anayetazama saa. Nikirudi nyumbani shingo haigeuki, kidole gumba cha kushoto kimekakamaa kama niliyebeba ndoo za maji kutwa. Mke wangu ananikanda kwa mafuta ya karafuu, kesho naanza tena.

Aliyenizindua ni mzee mmoja mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, niliyekuwa nikikaa ubavuni mwake. Tuko mazoezini, tumemaliza bashrafu, akanigusa bega: "Mwanangu, wewe unapiga fidla au unamkaba mwizi?" Kikundi kizima kikacheka, nami nikacheka. Usiku nikasimama mbele ya kioo na fidla yangu, nikaona alichokiona. Bega limepanda hadi sikioni, meno nimeyauma, na kila nikifika pahala pagumu pumzi naizuia mpaka nivuke.

Mpwa wangu anafundisha yoga watalii huko Paje. Siku zote nilimtania kwamba analipwa kwa kulaza watu. Nilipomweleza habari ya bega akasema, "Mjomba, basi njoo nawe ulale." Nikaenda.

Somo la kwanza lilikuwa kulala chali kweli, mikono kando, viganja juu. Akanambia nilegeze taya. Nikamwambia zimelegea. Akanyanyua mkono wangu wa kushoto, akauachia, nao ukabaki hewani kama tawi. Hapo ndipo nilipoelewa: fidla iko nyumbani kwenye kasha lake, na mimi bado nimeishika.

Baadaye nilijua kuwa si mimi wa kwanza kulazwa. Yehudi Menuhin, mpiga fidla aliyejulikana dunia nzima, alikutana na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Kihindi, mjini Bombay mwaka 1952, wakati mkono wake wa kushika upinde wa fidla ukimsumbua. Iyengar alimlaza vivyo hivyo, na Menuhin akapitiwa na usingizi. Wakawa marafiki kwa miaka, Menuhin akawa anamtaja kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla, mtu ambaye fidla hakuipiga. Mwaka 1982, mbele ya okestra kubwa ya Berlin, Menuhin alisimama kwa kichwa akaongoza muziki kwa miguu. Sitaki mtu wa taarab ajaribu hilo na kanzu.

Sasa, je, yoga ilinisaidia? Ilinisaidia, ila si kwa njia niliyoitegemea. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa laini kama ute wa yai nikiwa mkekani, lakini nikiweka upinde kwenye uzi tu, bega linapanda. Mkeka ulinifundisha kutambua ninapokaza. Kulegeza kwenyewe nimejifunza fidla ikiwa mkononi: naiweka shingoni bila kupiga, natoa pumzi, nangoja bega lishuke. Kisha napiga sauti moja ndefu kwenye uzi mtupu, usiobanwa na kidole, huku pumzi ikitoka. Kisha pahala pagumu, polepole mno, na bega likianza kupanda tu nasimama hapo hapo. Mtihani wangu wa kidole gumba ni mwepesi: kikishindwa kutikisika kidogo katikati ya wimbo, basi nimebana.

Na kuna jambo ambalo yoga isingelitibu hata ningelala mwaka. Nilikuwa naweka kitambaa chembamba begani, chini ya fidla, na mimi nina shingo ndefu. Ile nafasi iliyobaki nilikuwa naijaza kwa kupandisha bega. Sponji la godoro nililolikata mwenyewe na kulifunga kwa mpira limefanya kazi ambayo karafuu haikuifanya. Tazama chombo chako kwanza, pamoja na kiti unachokalia, ndipo uulaumu mwili.

Mazoezi mengine? Kuogelea kumenifaa kuliko yote, na kutembea jioni. Pushapu niliziacha, maana nilizipiga kwa pupa mchana wa shughuli na usiku upinde ukatetemeka. Hata ule mkao wa yoga wa kuinua kiuno huku umeegemea viganja, wapigaji tuwe nao waangalifu kwa sababu ya viwiko na vifundo vya mkono. Mimi naegemea vigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Kabla ya kupanda jukwaani sijivuti sana, nazungusha mabega na kupasha vidole joto, basi.

Wapo walioniuliza kama yoga si ibada ya watu wengine. Mimi nimechukua kunyoosha mwili na kupumua, mengine sikuyagusa. Kila mtu na nafsi yake.

Ila ukipata ganzi vidoleni, au maumivu yanayokuamsha usiku, au kidole kinachojikunja chenyewe unapopiga, usiende mkekani. Nenda hospitali ukaonane na daktari.

Siku hizi mzee wa kanuni hanigusi bega. Ananigombeza kwa kuchelewa mazoezini, nikifika na nywele zinachuruzika maji ya bahari.